Masharti ya mwaka 1505: Historia ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Edinburgh

Mleta uzi:

Wanajukwaa, salaam. Nimeonelea niweke hapa uzi mrefu kuhusu historia ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Edinburgh, Uskoti, ambacho ni miongoni mwa vyama vikongwe kabisa vya wapasuaji duniani. Sitaanza na orodha ya marais wake wala ya majengo yake. Naamini kwamba karibu kila jambo kubwa lililokipata chuo hiki, la kujivunia na la kutia aibu, linatokana na waraka mmoja ambao Baraza la Mji wa Edinburgh liliutia muhuri tarehe 1 Julai 1505, na kwamba asiyeufahamu waraka huo hataelewa ni kwa nini ushirika wa mafundi wa mji mmoja ulikuja kuwa na kauli juu ya nani anafaa kushika kisu cha upasuaji na nani hafai.

Walioomba waraka huo walikuwa vinyozi wapasuaji. Sehemu kubwa ya maombi yao ilifanana na ya washonaji, wafua vyuma na mafundi wengine wa Edinburgh waliopewa hati za namna hiyo katika zama hizo: asiye mwanachama asifanye kazi yao ndani ya mji, wanagenzi wapokewe kwa utaratibu maalumu, na ada zinazolipwa zitunze altare ya mtakatifu wao, Mungo, ndani ya kanisa la Mtakatifu Giles. Kulinda soko la kazi lilikuwa jambo la kawaida, na sioni sababu ya kulipamba. Kilichoutofautisha waraka wa wapasuaji na hati nyingine ni mambo matatu ambayo wenyewe waliyaomba yaandikwe.

La kwanza, mwanagenzi asipokewe mpaka awe anajua kusoma na kuandika. Hili lilikuwa sharti zito mwaka 1505, wakati vitabu vya kuchapwa ndiyo kwanza vinaanza kusambaa Ulaya na mafundi wengi walijifunza kazi kwa macho na mikono tu.

La pili, mtu asiruhusiwe kufanya upasuaji kabla ya kupimwa na mafundi wenzake na kuonekana kwamba anaijua anatomia, yaani umbile na hali ya kila kiungo cha mwili wa binadamu, na kwamba anaijua mishipa yote ya damu ili aweze kutoa damu kwa wakati unaostahili. Alitakiwa pia ajue ni alama ipi ya nyota inayotawala kiungo kipi kwa wakati ule. Wapo wanaolisoma sharti hilo la nyota kwa dharau. Mimi nalisoma kwa heshima, kwa sababu elimu ya nyota wakati huo ilikuwa sehemu ya tiba ya wasomi wa vyuo vikuu, na fundi aliyekubali kupimwa ndani yake alikuwa anakubali kwamba kazi ya mkono wake lazima isimame juu ya elimu.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Waliomba wapewe kila mwaka mwili wa mtu mmoja aliyehukumiwa na kunyongwa, waupasue ili wapate uzoefu na kufundishana wao kwa wao, na papo hapo wakaahidi kwamba wataiombea roho yake. Naomba msomaji azingatie kwamba mambo hayo mawili yaliandikwa pamoja, mwili na dua, kwa sababu baadaye yatatengana.

Liko na la nne, nalitaja kwa kifupi: waraka uliwapa wao peke yao haki ya kutengeneza na kuuza kile kinywaji kikali cha kukenekwa kilichokuja kuwa wiski. Kilihesabiwa kuwa dawa, na biashara yake haikuwa ndogo.

Mfalme James wa Nne aliuthibitisha waraka huo tarehe 13 Oktoba 1506. Mfalme huyu alikuwa na hamu ya kweli ya mambo ya tiba. Hesabu za hazina yake zinaonyesha malipo kwa watu waliomruhusu awang'oe meno. Si mfalme aliyelipwa kwa kazi hiyo, bali mgonjwa. Wapasuaji wa Edinburgh walikuwa na bahati ya kuomba haki zao kwa mtawala aliyeipenda kazi yao hata akataka kuifanya mwenyewe.

Mchangiaji wa kwanza:

Ahsante sana ndugu mleta uzi. Kabla hujaendelea, naomba ufafanuzi. Imekuwaje upasuaji ukawa mikononi mwa vinyozi, ilhali madaktari waliosoma vyuo vikuu walikuwepo?

Mleta uzi:

Swali la msingi, mkuu. Madaktari wa vyuo vikuu walikuwepo, lakini kazi yao ilikuwa kusoma maandiko ya Kilatini, kuchunguza mkojo, kupima mwenendo wa mapigo ya moyo na kuagiza dawa. Kugusa kidonda, kupasua jipu au kukata mguu uliooza walikuona kuwa kazi ya mikono isiyowafaa watu wa hadhi yao. Kwa upande wa Kanisa, Mtaguso wa Nne wa Laterano wa mwaka 1215 ulikuwa umewakataza makasisi kufanya upasuaji wa kukata au kuchoma, na kwa kuwa wasomi wengi wa zama hizo walikuwa watu wa Kanisa, kazi hiyo ikabaki kwa wenye nyembe. Kinyozi alikuwa na vyuma vikali, alikuwa na mkono uliozoea ngozi ya binadamu, na katika nyumba za watawa ndiye aliyewanyoa na kuwatoa damu.

Isidhaniwe kwamba jina la kinyozi lilimaanisha ujinga. Ambroise Paré wa Ufaransa, ambaye wengi humhesabu kuwa mpasuaji mkubwa kuliko wote wa karne ya 16, aliinuka kutoka katika tabaka hilo la vinyozi wapasuaji, na ndiye aliyeacha kumwaga mafuta ya moto juu ya majeraha ya risasi baada ya kuona kwa macho yake kwamba askari waliopakwa dawa laini walilala vizuri usiku kuliko waliochomwa.

Huko Edinburgh, kadiri wapasuaji walivyozidi kuelimika ndivyo walivyozidi kuwaona vinyozi wenzao kuwa mzigo. Waliwaacha wanyoe na kukata nywele, wakawanyima kauli katika mambo ya ushirika, na hatimaye mwaka 1722 mahakama kuu ya madai ya Uskoti ikayatenga makundi hayo mawili.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, mimi nimekuwa nikisoma kwamba chuo cha London ndicho cha kwanza. Je, si Mfalme Henry wa Nane aliyeanzisha mambo haya?

Mleta uzi:

Henry wa Nane aliunganisha vinyozi na wapasuaji wa London kuwa kampuni moja mwaka 1540, miaka 35 baada ya waraka wa Edinburgh. Kampuni hiyo ilipewa miili minne ya walionyongwa kila mwaka. Wapasuaji wa London waliachana na vinyozi mwaka 1745, wakapata hati ya kifalme ya chuo mwaka 1800, na jina la Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Uingereza likaja mwaka 1843. Edinburgh ilipata hati yake ya kifalme kutoka kwa George wa Tatu mwaka 1778. Kwa hiyo kwa vipimo vyote viwili Edinburgh ilitangulia, ingawa sioni haja ya kushindana kwa miaka, kwa kuwa London nayo ilikuwa na jumuiya za wapasuaji kabla ya 1540 na ina historia yake kubwa inayostahili uzi wake.

Naendelea.

Katika miaka mia mbili ya kwanza mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1567, Mary, Malkia wa Waskoti, aliwapa wapasuaji hati ya kuwaondolea wajibu wa kushika silaha vitani, ili wabaki kuwahudumia majeruhi. Ni hati fupi lakini ina hekima ya kudumu, kwa sababu inakiri kwamba nafasi ya mpasuaji vitani ni pembeni ya aliyeanguka, na si katika safu ya wanaopigana.

Mageuzi ya kweli yalikuja mwishoni mwa karne ya 17. Mwili mmoja kwa mwaka haukutosha tena. Mwaka 1694 mpasuaji mmoja, Alexander Monteith, aliliomba Baraza la Mji miili ya watu waliofia katika nyumba ya kurekebishia wahalifu na wasio na wa kuwazika. Wenzake, kwa kuona kwamba asingepaswa kuipata fursa hiyo peke yake, wakapeleka ombi lao: wapewe miili ya watoto wachanga waliookotwa na kufa, ya watoto waliozaliwa wafu, na ya watu waliojiua. Baraza lilikubali, lakini likaweka sharti kwamba wajenge ukumbi wa anatomia kabla ya mwisho wa mwaka 1697. Wakaujenga.

Tuangalie kwa makini ni akina nani waliotajwa katika maombi hayo. Mwaka 1505 aliyetolewa alikuwa mhalifu aliyehukumiwa kifo. Mwaka 1694 walikuwa maskini, watoto wasio na wazazi, na watu waliokata tamaa ya maisha. Hawakuwa wametenda kosa la kustahili adhabu hiyo. Kosa lao lilikuwa kutokuwa na mtu wa kuwadai. Na katika maombi hayo, wajibu wa kuwaombea roho zao ulikuwa umekwisha kutoweka.

Kwa upande wa elimu, hata hivyo, matunda yalikuwa makubwa mno. Mwaka 1702 ulifanyika ndani ya ukumbi huo upasuaji wa maiti mbele ya watazamaji, ukaendelea kwa siku kadhaa mfululizo, na wapasuaji wakapokezana, kila mmoja akieleza sehemu yake ya mwili. Mwaka 1720 Alexander Monro, mtoto wa mmoja wa wapasuaji wa ushirika huo, aliteuliwa kuwa profesa wa anatomia akiwa hajatimiza hata miaka 25. Alianza kufundishia katika ukumbi wa wapasuaji, lakini mwaka 1725 wananchi waliokasirishwa na wizi wa maiti makaburini walifanya ghasia, naye akahamishia masomo yake ndani ya kuta za chuo kikuu alikoona usalama zaidi. Kutokana na uhusiano huo wa ushirika wa wapasuaji, Baraza la Mji na chuo kikuu, pamoja na hospitali ndogo iliyofunguliwa mwaka 1729 ikiwa na vitanda sita tu, Edinburgh ikaja kuwa mji uliowavuta wanafunzi wa tiba kutoka Ulaya na hata ng'ambo ya Atlantiki.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi ni mtu wa hospitali na nimeufuatilia uzi huu tangu mwanzo. Ila naona unakielekea chuo kwa lawama, mleta uzi. Wale mabwana William Burke na William Hare, walioua watu mjini Edinburgh na kuuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia, walikuwa wauaji wa kawaida waliotafuta fedha. Kuwahusisha na chuo cha wapasuaji si kukionea?

Mleta uzi:

Nakushukuru kwa kulisema wazi, mkuu, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mada yangu, nami nitapaeleza kwa urefu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mahitaji ya wapasuaji yalikuwa yamepanda sana kutokana na vita vya Napoleon, ambavyo viliwataka kwa wingi jeshini na katika merikebu za kivita. Mwanafunzi hakuweza kufaulu mtihani wa chuo bila kuwa amesoma anatomia, wala hakuweza kuisoma anatomia vizuri bila mwili wa kupasua. Katika chuo kikuu, kiti cha uprofesa kilikuwa kimerithiwa na Alexander Monro wa tatu, mjukuu wa yule wa kwanza, na masomo yake yaliwachosha wanafunzi. Charles Darwin, aliyekuwa mwanafunzi hapo kuanzia mwaka 1825 hadi 1827, ni mmoja wa waliomwona kuwa mwalimu wa kuchosha. Matokeo yake wanafunzi walikimbilia kwa walimu binafsi waliofundisha karibu na ukumbi wa wapasuaji, na kati ya hao aliyevuma kuliko wote alikuwa Robert Knox.

Knox hakuwa mtu wa pembeni. Alikuwa mwanachama kamili wa chuo na, tangu mwaka 1826, mtunzaji wa makumbusho yake. Darasa lake lilizidi wanafunzi 500. Miili ya halali haikuweza kutosheleza hata sehemu ndogo ya darasa kama hilo, na kila mtu mjini alijua kwamba nyingine zilitoka makaburini usiku. Familia zenye uwezo zilifunika makaburi kwa vizimba vya chuma, ambavyo baadhi vipo hadi leo katika uwanja wa kanisa la Greyfriars, au zililipa walinzi wakeshe mpaka maiti iharibike kiasi cha kutofaa kuuzwa.

Burke na Hare hawakufukua kaburi. Mwishoni mwa mwaka 1827, mpangaji mmoja mzee alifariki kwa maradhi katika nyumba ya kulala wageni aliyoiendesha Hare, akiwa na deni la kodi. Waliuza mwili wake kwa watu wa Knox kwa pauni 7 na shilingi 10. Hakuna aliyewauliza maiti ametoka wapi. Kwa kuwa hawakuulizwa, katika mwaka 1828 waliwaua watu 16, wengi wao maskini, wasafiri na wanawake wasio na jamaa karibu, kwa kuwalewesha na kuwaziba pumzi, njia ambayo haikuacha alama. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, kijana aliyejulikana na mji mzima kwa jina la Jamie, alitambuliwa na wanafunzi alipolazwa juu ya meza ya kupasulia, na Knox akakana kwamba ndiye.

Hare aligeuka kuwa shahidi wa Serikali akaachiwa. Burke alinyongwa tarehe 28 Januari 1829 mbele ya umati mkubwa, kisha mwili wake ukapasuliwa hadharani katika chuo kikuu. Knox hakushtakiwa. Aliendelea na kazi kwa muda, akaacha wadhifa wa makumbusho mwaka 1831, na baadaye akahama kabisa Edinburgh.

Sasa narudi kwenye swali lako. Sisemi kwamba chuo kiliagiza mauaji, na hakuna anayejua historia hii anayeweza kusema hivyo. Nasema kwamba chuo kilidai elimu ya anatomia kwa kila mtahiniwa, jambo lililokuwa sahihi kabisa, lakini kwa miaka mingi hakikujali kuuliza elimu hiyo ilikuwa inapatikana kwa miili ya nani. Waliotangulia mwaka 1505 walikuwa wametamka wajibu wao kwa maiti katika sentensi ileile waliyoiombea. Waliofuata waliibakiza nusu moja ya sentensi na kuiacha nyingine.

Sheria ya Anatomia ya mwaka 1832 iliua biashara ya maiti kwa kuruhusu miili isiyodaiwa, hasa ya waliofia katika nyumba za maskini, itolewe kwa walimu. Ilikuwa nafuu kubwa, kwani hapakuwa tena na faida ya kuua. Hata hivyo mzigo uliwaangukia walewale wa mwaka 1694. Miaka mingi ilipita kabla ya kutegemea hiari ya mtu mwenyewe, anayetamka akiwa hai kwamba mwili wake ukafundishie.

Mchangiaji wa nne:

Nimesikia kwamba katika makumbusho ya chuo hicho kuna kijitabu kilichotengenezwa kwa ngozi ya Burke. Ikiwa ni kweli, unaona ni halali kukionyesha?

Mleta uzi:

Ni kweli, kipo. Ni kijaladi kidogo cha mfukoni, na mifupa ya Burke imehifadhiwa na chuo kikuu. Nimelifikiria sana swali hili. Huko London, makumbusho ya chuo cha wapasuaji yalipofunguliwa upya mwaka 2023 hayakukirudisha katika maonyesho kiunzi cha mifupa cha Charles Byrne, mtu mrefu mno kutoka Ireland aliyefariki mwaka 1783, ambaye aliogopa sana kuangukia mikononi mwa wapasuaji na kutaka mwili wake ukazikwe baharini. Uamuzi huo naukubali bila kusita, kwa kuwa Byrne hakumkosea mtu na alichokataa kinajulikana.

Kwa Burke naona tofauti. Hukumu ya kupasuliwa ilitoka mahakamani, lakini hakuna mahakama iliyoamuru ngozi yake itengenezewe jaladi. Hiyo ilikuwa tamaa ya watu ya kumiliki kitu cha kutisha. Kwa maoni yangu kibaki, kwa sharti kwamba mtazamaji asielezwe habari za muuaji peke yake. Aelezwe majina ya waliouawa, yale yanayojulikana, na aelezwe pia kwamba meza walizolazwa zilikuwa za walimu wenye heshima.

Mchangiaji wa kwanza:

Nadhani umemjibu vizuri. Lakini ulisema mwanzoni kwamba waraka ule uliamua nani anafaa kushika kisu na nani hafai. Mbona hujagusa wanawake?

Mleta uzi:

Nilikuwa naelekea huko. Kuna hatua moja ya kisheria ambayo lazima itangulie, la sivyo kisa chenyewe hakieleweki.

Mpaka katikati ya karne ya 19, chuo kilikuwa na mamlaka ya Edinburgh na maeneo ya jirani. Sheria ya Tiba ya mwaka 1858 ilianzisha daftari moja la madaktari kwa Uingereza nzima, na aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa na shahada au leseni ya moja ya taasisi zilizotajwa katika sheria hiyo. Chuo cha Edinburgh kilikuwa kimojawapo. Kwa namna hiyo mamlaka ya zamani ya mji yaligeuka kuwa sehemu ya mlango wa taifa. Mwanamke hakukatazwa kwa maneno kuwa daktari. Alichokosa ni taasisi ya kumtahini. Elizabeth Garrett alipita mwaka 1865 kwa leseni ya Chama cha Wauza Dawa cha London, na mara baada ya hapo chama hicho kikabadili kanuni zake ili asipite mwingine.

Mwaka 1869 Sophia Jex-Blake na wenzake walikubaliwa kuanza masomo ya tiba katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakafika saba. Walifundishwa kando na wanaume na walilipa ada kubwa zaidi. Mmoja wao, Edith Pechey, alipata alama zilizomstahilisha tuzo ya kemia, akanyimwa kwa sababu ya jinsia yake.

Tarehe 18 Novemba 1870 walitakiwa kufanya mtihani wa anatomia ndani ya Ukumbi wa Wapasuaji, lile jengo la nguzo kubwa lililosanifiwa na William Playfair na kufunguliwa mwaka 1832. Walipofika walikuta umati wa wanaume, wengi wao wanafunzi, umeziba barabara. Walitukanwa, wakarushiwa matope, na lango likabamizwa usoni pao mpaka mtu mmoja aliyekuwa ndani alipowafungulia. Mtihani ulipokuwa unaendelea, waliokuwa nje walimsukumia kondoo ndani ya chumba. Mwalimu wao akaagiza kondoo aachwe akae, kwa kuwa alikuwa na akili kuliko waliomwingiza. Wanawake wale waliendelea kuandika majibu yao, na hilo ndilo ninalotaka likumbukwe kabla ya kondoo: waliendelea kuandika, nguo zao zikiwa na matope.

Mambo hayakuishia kwenye lango. Jex-Blake alimtuhumu hadharani msaidizi wa profesa mmoja kwamba ndiye aliyeongoza ghasia zile, akashtakiwa kwa kumkashifu. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa mdai fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote, lakini gharama za kesi zilizozidi pauni 900 zikamwangukia Jex-Blake, na wananchi waliounga mkono wanawake wale wakachanga kuzilipa. Mwaka 1873 mahakama ya juu iliamua kwamba chuo kikuu hakikupaswa kuwapokea tangu mwanzo. Wakaondoka bila shahada. Chuo kikuu kiliwatunuku shahada za heshima mwaka 2019, wote wakiwa wamekwisha kufariki.

Mlango ulifunguka kwa njia ambayo wengi hawaitaji. Mwaka 1884 vyuo vitatu vya Uskoti, yaani wapasuaji wa Edinburgh, matabibu wa Edinburgh, na kitivo cha matabibu na wapasuaji wa Glasgow, viliunganisha mitihani yao kuwa leseni moja. Mwaka 1886 leseni hiyo ikafunguliwa kwa wanawake, na mwaka huohuo Jex-Blake, aliyekwisha kupata sifa zake nje ya Uskoti, akafungua shule ya tiba ya wanawake mjini Edinburgh kwa ajili ya kuwaandaa. Hivyo chuo kilekile ambacho mbele ya jengo lake wanawake walipigwa matope kikawa, baada ya miaka 16, mojawapo ya njia zao za kuingia kwenye daftari. Nakipa sifa hiyo, maana kilitangulia chuo kikuu cha mji wake.

Lakini leseni haikuwa uanachama kamili. Leseni ilimruhusu mtu kutibu. Uanachama kamili ulimpa hadhi ya mpasuaji bingwa na sauti katika mambo ya chuo. Mwanamke wa kwanza kupewa uanachama kamili wa Edinburgh ni Alice Headwards Hunter, mwaka 1920, yaani miaka 34 baada ya leseni kufunguliwa. Ireland ilikuwa imemkubali Emily Winifred Dickson mwaka 1893, na London ilimkubali Eleanor Davies-Colley mwaka 1911. Katika jambo hili chuo kikongwe kilikuwa cha mwisho kati ya hivyo vitatu.

Mchangiaji wa tatu:

Nimekuelewa, na nakubali kwamba nilikimbilia kukitetea chuo. Swali langu la mwisho: baada ya mamlaka hayo yote kuhamia kwenye daftari la taifa, chuo kimebaki na nguvu gani?

Mleta uzi:

Leo chuo hakimpi mtu ruhusa ya kutibu. Hiyo ni kazi ya baraza la madaktari lililoanzishwa na ile sheria ya mwaka 1858. Kilichobaki mikononi mwake ni kupima. Mtihani wa uanachama wa wapasuaji sasa ni mmoja kwa vyuo vinne vya Edinburgh, Uingereza, Glasgow na Ireland, na daktari kijana anayeufaulu anaweza kujiunga na chochote kati ya hivyo. Huko Uingereza, anayefaulu huacha kuitwa Daktari na kurudia kuitwa Bwana, desturi iliyotoka enzi ambapo wapasuaji hawakuwa na shahada za vyuo vikuu, na ambayo wapasuaji wengi hawataki kuiacha.

Mtihani huo bado una sehemu ya anatomia, na mtahiniwa huonyeshwa viungo vya mwili na kuulizwa maswali uso kwa uso na wapasuaji waliomtangulia.